Sura ya Tano: Nani Anamnunulia Mtoto Kitabu?

Wamunyu na Muthetheni ni wadi mbili za eneo bunge moja, Mwala, katika Kaunti ya Machakos. Ardhi haitofautiani sana: miteremko yenye matuta ya fanya juu, mbaazi na kunde, mahindi yanayosubiri mvua isiyoaminika. Lakini Wamunyu ina jina ambalo watalii wamelipeleka hadi Ulaya bila kulijua, kwa sababu twiga na pundamilia wa mbao waliopangwa kwenye kabati za watu huko walichongwa na mikono iliyofunzwa hapo. Simulizi ya wachongaji humtaja Mutisya Munge, aliyefika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza uchongaji kwa wenyeji wa kule, na aliporudi nyumbani akaendelea kuchonga. Wengine wakamtazama, wakaiga. Baada ya miongo michache kulikuwa na vyama vya ushirika, madalali, maduka ya Nairobi na karakana ya Changamwe kule Mombasa.

Naanza na vinyago kwa sababu vinajibu swali ambalo wanaotaka kuwaandikia watoto hulikwepa. Mchongaji wa Wamunyu hakupata riziki kwa sababu alikuwa na kipaji zaidi kuliko msimulizi wa Muthetheni. Alipata riziki kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili mwenye fedha mfukoni, na njia ya kumfikia mtu huyo. Hadithi zilikuwepo Ukambani kabla ya kinyago cha kwanza. Gerhard Lindblom, msomi kutoka Uswidi, alizikusanya mwanzoni mwa karne ya 20 na kuzichapisha Uppsala. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliandika kitabu cha hadithi kwa Kikamba, *Mutũnga na Ngewa Yake*, kilichotoka mwaka 1954, na mwaka 1966 akatoa mkusanyo mkubwa wa ngano za Kikamba kwa Kiingereza. Baadaye dunia ilimjua kama mwanateolojia na mwanafalsafa. Fisi, sungura na zimwi hawakumlipia kodi ya nyumba.

Kwa hiyo tumchukue mtu anayeishi Muthetheni leo, mwenye hadithi nzuri kichwani na hamu ya kuifanya kitabu cha picha, tumfuate hatua kwa hatua tuone njia inakatikia wapi.

Kazi yenyewe kwanza, maana wengi huidhania nyepesi. Kitabu cha picha huwa na kurasa 32 kwa desturi ya kiwandani, si kwa uchawi wowote: karatasi kubwa ya mashine ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa hutoa kurasa 8 au 16, na idadi ya kurasa hufuata mikunjo. Ukitoa ukurasa wa jina na wa hakimiliki, mwandishi hubaki na jozi 13 au 14 za kurasa zinazotazamana. Vitabu vingi vya madarasa ya chini vinavyochapwa Kenya ni vyembamba zaidi, kurasa 16 au 24 zilizobanwa kwa pini katikati. Maneno ni machache, pengine 400 au 500 kwa kitabu kizima, na kila neno linaloeleza jambo ambalo picha tayari imelionyesha limepoteza nafasi.

Tuseme hadithi yetu ni ya mto wa mchanga. Mtoto wa Muthetheni anaujua mto usiokuwa na maji juu. Anajua kwamba ukichimba mchangani mahali panapofaa, maji yatapanda taratibu, na kwamba lazima uyangoje yatulie kabla ya kuteka. Anajua pia bwawa la mchanga, ule ukuta wa mawe na saruji ambao watu wa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja, wameujenga wakikatiza mto, ili mafuriko yakija yaache mchanga nyuma yake na mchanga ufiche maji. Hadithi inaweza kuwa hivi: msichana na punda wake, mitungi miwili mitupu, mto mkavu. Kwenye ukurasa wa kulia ameinama ndani ya shimo hata anaonekana miguu tu. Mtoto anayesikiliza analazimika kufunua. Ukurasa unaofuata hauna neno hata moja, ni duara dogo la maji lenye sura ya msichana ndani yake.

Ufundi wote uko kwenye kule kufunua. Mwandishi wa riwaya anao mkato na aya. Mwandishi wa kitabu cha picha ana mkono wa mtoto. Swali huwekwa kulia, jibu nyuma yake. Ukiweka vyote viwili kwenye kurasa zinazotazamana, jicho la mtoto litaliona jibu kabla sauti ya mama haijafika kwenye swali, na mchezo umekwisha.

Kisha anakuja mchoraji, na hapa ndipo vitabu vingi vinavyohusu sehemu zetu hupotea. Mchoraji asiyewahi kufika Ukambani akiambiwa achore mto mkavu huchora tope lililopasukapasuka, kwa sababu hiyo ndiyo picha ya ukame aliyoizoea kwenye magazeti. Mchanga haupasuki. Mtoto wa miaka mitano wa Muthetheni ataligundua kosa hilo haraka kuliko mhariri yeyote wa Nairobi, na kuanzia hapo hatakiamini kitabu. Mwandishi mwenye akili humpeleka mchoraji mtoni, au anampa picha alizopiga mwenyewe kwa simu: namna punda anavyofungwa mitungi, urefu wa matuta, rangi ya udongo uliochimbwa.

Sasa hesabu. Tuchukue kitabu cha shilingi 300 dukani. Muuza vitabu hupewa punguzo, tuseme theluthi moja, hivyo mchapishaji hupokea 200. Mrabaha ukiwa asilimia 10 ya kile alichopokea, ni shilingi 20 kwa nakala. Ikiwa mchoraji anagawana mrabaha nusu kwa nusu, mwandishi anabaki na 10. Anayetaka mapato ya shilingi 30,000 kwa mwezi anahitaji 360,000 kwa mwaka, yaani nakala 36,000, na si mara moja bali kila mwaka anaoishi. Mchoraji akilipwa kitita kimoja na mchapishaji, idadi inashuka hadi 18,000, ila mchoraji naye hana chake tena hata kitabu kikichapwa mara kumi, mpango ambao siupendi ingawa nauelewa. Toleo la kwanza la kitabu cha hadithi nchini Kenya mara nyingi ni nakala elfu chache tu.

Nakala hizo zinunuliwe na nani? Siku ya soko, mzazi wa Muthetheni aliyeuza mbuzi ana orodha yake: karo ya yule wa sekondari, sare, madaftari, unga. Duka linaloitwa la vitabu katika miji midogo kama huu huuza madaftari, kalamu, seti za hisabati na vile vitabu ambavyo mwalimu amevitaja kwa jina. Kitabu cha hadithi cha mtoto asiyejua bado kusoma hakimo kwenye orodha. Sitaki kumlaumu mzazi. Mimi mwenyewe ningenunua unga kwanza. Mwaka 2013 sheria mpya ya kodi ya ongezeko la thamani ilitoza vitabu asilimia 16, na kitabu kilichokuwa anasa kikawa anasa zaidi.

Hapo ndipo hadithi zetu zilipojitafutia mnunuzi kwingine.

Tambarare za Kapiti ziko katika kaunti hii hii ya Machakos. Mwaka 1981 zilitokea kwenye jalada la kitabu cha picha huko Marekani, *Bringing the Rain to Kapiti Plain*, kilichoandikwa na Verna Aardema, mwalimu wa shule kutoka Muskegon, Michigan, na kuchorwa na Beatriz Vidal, mzaliwa wa Argentina. Mchungaji aitwaye Ki-pat anaona ng'ombe wake wakikonda, anatengeneza mshale kwa unyoya wa tai, analipiga wingu, mvua inanyesha. Asili ya hadithi si ya Wakamba hata kidogo. Ni ya Wanandi, na ilichapishwa mwaka 1909 na Claud Hollis, ofisa wa kikoloni, katika kitabu chake kuhusu watu hao. Aardema aliisuka upya kwa mtindo wa mashairi ya watoto wa Kiingereza ambamo kila ubeti humeza uliotangulia na kuongeza jambo moja. Mwaka 1983 James Earl Jones aliisoma kwenye *Reading Rainbow*, kipindi cha televisheni cha Marekani, na kitabu hicho kimeendelea kuuzwa tangu hapo.

Kwa mizani ya ufundi ni kitabu kizuri, mdundo wake haukosei hatua. Lakini mtoto wa Machakos angeuliza swali ambalo mtoto wa Michigan hana sababu ya kuliuliza: kwa nini Ki-pat hakuchimba mtoni?

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Eric Walters ni Mkanada, mzaliwa wa Toronto mwaka 1957, aliyekuwa mwalimu na alianza kuandika mwaka 1993 ili wanafunzi wake wa darasa la tano wapate cha kusoma. Ameandika vitabu zaidi ya mia. Alifika Mbooni, ng'ambo ya mpaka katika Kaunti ya Makueni, na kule Kikima akasaidia kuanzisha mradi wa watoto yatima uitwao Creation of Hope. Kutoka vilima hivyo alichota vitabu vya picha kadhaa. *The Matatu*, cha mwaka 2012, kilichochorwa na Eva Campbell, kinamweka mvulana na babu yake ndani ya matatu na kusimulia kwa nini mbwa hukimbiza gari, mbuzi hutoroka na kondoo hajali: nauli. Mkenya gani hajaisikia hiyo? *My Name Is Blessing*, cha 2013, kinahusu mvulana anayelelewa na nyanyake.

Sioni wizi hapo. Babu aliyesimulia kisa cha nauli hana hati ya kukimiliki, na mwandishi aliyekisikia amekifanyia kazi halali. Ninachokiona ni kwamba Walters aliingia Mbooni akiwa tayari na kitu ambacho msimulizi wa Mbooni hana: nchi nyuma yake yenye maktaba katika kila mtaa, shule zenye fungu la kununua vitabu vya hadithi, na mashangazi wanaopeleka kitabu kwenye sherehe ya kuzaliwa. Kitabu chake kilikuwa na mnunuzi kabla ya kuandikwa.

Tololwa Mollel alilijua hilo mapema. Mmaasai huyu aliyezaliwa Arusha mwaka 1952 alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Alberta, Kanada, kusomea sanaa za maonyesho, na huko ndiko alikojenga kazi yake ya vitabu vya picha. *The Orphan Boy*, cha mwaka 1990, kilipata tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada. *My Rows and Piles of Coins*, cha 1999, kuhusu mvulana wa Tanzania anayedunduliza senti za kununua baiskeli, kilipata heshima ya Coretta Scott King nchini Marekani mwaka 2000. Tuzo zote mbili zilikuwa za michoro: ya kwanza ikamwendea Paul Morin, ya pili E. B. Lewis. Mwandishi wa kitabu cha picha azoee hilo mapema. Na katika uchapishaji wa Amerika Kaskazini kwa kawaida mhariri ndiye humchagua mchoraji. Mwandishi hupeleka maneno, kisha hukaa kusubiri kama mtu aliyepeleka posa.

Waliobaki nyumbani walifuata njia nyingine. Asenath Bole Odaga, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mwalimu, kisha mtafiti wa fasihi simulizi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kutoka Kisumu alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Lake Publishers, mwaka 1982, pamoja na duka la vitabu. Aliandika kwa Kijaluo na kwa Kiingereza. Ukiitazama safari yake utaona kwamba uandishi wa watoto haukumlisha. Yeye ndiye aliyeulisha, akikamata kila kiungo cha mnyororo mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukikamata. Huku kwetu Ukambani David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alifanya hivyo kwa vitabu vya watu wazima: alianzisha Comb Books mwaka 1972 ili ajichapishe, na baadaye aliwaandikia watoto pia.

Njia iliyo wazi zaidi kwa mwandishi wa Kenya ni shule. Kitabu kikiidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, kina tumaini. Lakini tazama mnunuzi wa aina hii anavyobadilisha kitabu. Muswada hupimwa kwa mtaala: umegusa mada gani, msamiati wa gredi ipi, maadili yapi yamejitokeza, maswali ya ufahamu yako wapi. Msichana wetu aliyeinama shimoni atatakiwa aseme jambo kuhusu usafi wa maji, na ule ukurasa usio na maneno utajazwa sentensi tatu. Nimesoma vitabu vingi vya Kenya vya watoto ambamo hadithi inatembea vizuri hadi ukurasa wa mwisho kasoro mmoja, kisha mjomba anatokea kutoka pasipojulikana na kuhutubia. Mjomba huyo hakuandikwa kwa ajili ya mtoto. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, na maduka mengi ya mijini yaliyokuwa yakiviuza yakapoteza biashara iliyoyawezesha kuweka kando rafu moja ya hadithi.

Kuna njia ya nne, nayo ni ya bure. African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ulifungua tovuti yake mwaka 2014. Mtu yeyote anaweza kusoma, kutafsiri na kuchapa hadithi zilizomo kwa sharti la kumtaja mwandishi na mchoraji. Kikamba kimo. Mwalimu wa Muthetheni mwenye simu anaweza leo kupata hadithi ya picha katika lugha ambayo sera ya elimu tangu miaka ya 1970 imesema itumike kufundishia madarasa ya chini mashambani. Kwa mtoto, hii ni neema tupu. Ursula Nafula, Mkenya, ni mmoja wa waandishi ambao mradi huo umewafikisha mbali; hadithi yake ya bibi anayeficha ndizi zake zikiiva imetafsiriwa kwa lugha nyingi, na kupitia Chuo Kikuu cha British Columbia imeingia katika mkusanyo wa hadithi za kuwasaidia watoto wa wahamiaji nchini Kanada.

Kwa hiyo hadithi ya Mkanada kutoka Mbooni inauzwa, na hadithi ya Mkenya inasomwa Kanada bila malipo. Siandiki hivi kuupinga mradi. Nauliza tu ni nani ataandika kitabu cha kumi, na cha thelathini, ikiwa mshahara wa mwandishi unatoka daima mahali pengine. Kitabu kimoja mwalimu yeyote mwenye kipaji anaweza kukiandika wakati wa likizo. Ukomavu katika kazi hii huja baada ya vitabu vingi, na vitabu vingi huhitaji muda ambao mtu amelipiwa.

Wapo wanaosema tatizo ni lugha: Kikamba ni kidogo mno kubeba vitabu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6. Wanorwe ni karibu milioni 5.5, na wana waandishi wa vitabu vya picha wanaojulikana duniani kote. Tofauti haiko kwenye idadi ya vinywa. Tangu mwaka 1965 serikali ya Norwe imekuwa na mpango wa kununua vitabu vipya vya fasihi na kuvigawa kwenye maktaba za umma, na kitabu cha watoto kikikubaliwa hununuliwa zaidi ya nakala elfu moja. Mchapishaji anajua kabla ya kuwasha mashine kwamba gharama nyingi zimekwisha kulipwa, hivyo anathubutu kuchapa kitabu cha ajabu, chenye ukurasa usio na maneno. Utajiri wa mafuta unasaidia, bila shaka, lakini mpango ulianza kabla mafuta hayajagunduliwa.

Na hatuhitaji kwenda Oslo. Mwaka 1991 ulianzishwa Tanzania mradi wa vitabu vya watoto, kwa msaada wa Kanada, ambao ulifanya jambo hilo hilo kwa Kiswahili: ukachukua sehemu kubwa ya nakala za toleo la kwanza na kuzipeleka shuleni, huku mchapishaji akiuza zilizobaki. Waandishi, wachoraji na wachapishaji wadogo wa Dar es Salaam walipata pumzi, na rafu ya vitabu vya watoto ya Kiswahili ikaanza kujaa.

Machakos nani angefanya hivyo? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti elimu ya chekechea. Watoto wa PP1 na PP2, wale hasa ambao kitabu cha picha huandikwa kwa ajili yao, ni wa kaunti, si wa Wizara ya Elimu kule Nairobi. Hawana mtihani. Kaunti za Machakos, Makueni na Kitui zikikubaliana kununua nakala chache kwa kila kituo cha chekechea cha umma, kwa Kikamba, mnunuzi atakuwa amepatikana katika lugha ambayo hakuna mchapishaji wa kigeni anayeitamani.

Kwa sheria, makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti ifikapo Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mwandishi wa Muthetheni atakayehudhuria atasimama kwenye foleni moja na wanaotaka transfoma, kivuko na kisima, mbele ya mwakilishi wadi anayejua fika kwamba kisima huleta kura. Asiende kuwahutubia kuhusu umuhimu wa kusoma. Aende na kielelezo kilichokwisha kuchorwa, kurasa 16 zilizobanwa pini, akipitishe mkononi mwa akina mama waliokuja na watoto, na nyuma yake awe ameandika bei ya kuchapa nakala 1,000, nakala 3,000 na nakala 10,000.